Kuishi na Mtoto Mkubwa Mwenye Ugonjwa wa Akili: Jibu kwa Mzee Mwenzangu wa Sombetini

Katikati ya ujumbe wa watu wanaouliza bei ya mabati ya geji 28 na wale wanaotaka niwaelekeze namna ya kupata mkopo bila kuweka hati ya nyumba, wiki hii ameniandikia mzee mmoja wa Sombetini, Arusha. Namkumbuka, aliwahi kuja dukani kwangu hapa Moshi kuchukua nondo. Anasema: "Mangi, tunakusoma kila siku ukituhubiria mtaji, lakini hujawahi kutuambia habari za yule kijana anayekaa na daftari kule nyuma kwenye saruji. Mimi ninaye wa namna ile. Ana miaka 27, hatoki chumbani. Mama yake analia kila siku. Nifanyeje?"

Nilitaka nimjibu pembeni. Halafu nikasema hapana. Ninyi mnaonisoma nawajua: ni watu wa kununua kiwanja kabla ya gari, watu wa kulipa ada ya muhula wa pili ule wa kwanza haujaisha. Mmewapangia watoto chuo, wengine mmewapangia hadi kazi na mchumba. Hili hakuna aliyelipanga. Lakini hapa Moshi peke yake nazijua nyumba za wafanyabiashara wenzangu, zenye geti na vigae, ambazo chumba cha uani kina mtu, na baba mwenye nyumba ukimwuliza kijana wake mkubwa yuko wapi anakuambia yuko Dar anahangaika na maisha. Basi naandika hadharani. Yule kijana wa daftari ni mwanangu. Amenipa ruhusa, amesoma yote kabla sijaweka, na alipotaka nifute nimefuta.

Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la marehemu baba yangu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam anasomea uhasibu, na nilikuwa nimeshampigia hesabu zangu: mimi nafungua maduka, yeye anakuja kuyaweka mahesabu kwenye mstari, mdogo wake wa kike anashika tawi la pili. Usiku mmoja mwenzake wa chumba akapiga simu. "Mzee shikamoo. Njoo umchukue Babu, halali, na anasema sisi tunamrekodi." Nilipofika nilimkuta ameziba soketi zote za chumba kwa selotepu, tabaka juu ya tabaka. Akaniamkia kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nani amenituma.

Mama yake alisema malaria imepanda kichwani. Ndivyo tunavyosema wote. Tukapima malaria, hakuna. Tukapima taifodi, tukapima mkojo, na dawa za vyote hivyo akanywa. Muda huo wote hali chakula cha mama yake. Mtori, ambao tangu mdogo akiusikia harufu anaacha mpira, unawekwa mezani hadi unapoa na kushika utando. Nikagundua kwamba nikikaa naye kwenye bakuli moja, mimi nikala kijiko cha kwanza, yeye anakula cha pili. Basi tukawa tunakula hivyo, baba na mwana wote wana ndevu, kijiko kwa kijiko, huku duka limefungwa na watu wanagonga mlango wakitaka misumari.

Wateja hawakujua kwa nini Mangi anachelewa kufungua, ila walikuwa na jibu lao. Mwaka ule ule nilikuwa nimefungua duka la pili. Mnajua maneno ya kwetu. Mtu akijenga, akanunua Fuso, halafu mtoto wake akaugua ugonjwa usioeleweka, basi habari imekwisha: amemtoa kafara. Utajiri wa masharti. Nimelisikia hilo likisemwa sokoni Mbuyuni na mtu aliyenigeuzia mgongo asijue nipo, na nilinyamaza, nikalipia nyanya zangu nikaondoka. La sokoni nilisamehe.

La nyumbani sijalisamehe, na sioni haja ya kujifanya. Desemba ile tulipanda Kibosho kama kila mwaka. Mbuzi kachinjwa, wanaume tumekaa chini ya mparachichi, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Ilipomfikia kaka yangu mkubwa hakunywa. Akaishika tu mkononi, akaniuliza mbele ya vijana wote wa ukoo: "Hebu tuambie, duka la pili ulifungua mwezi gani? Na mtoto alianza kuumwa mwezi gani?" Hakuongeza neno. Vijana wakatazama chini. Niliona mkono wangu unatafuta kitu cha kushika.

Shangazi yetu, bibi aliyevuka miaka 80, alikuwa pembeni anamenya ndizi za machalari. Hakuinua kichwa. Akasema: "Na dada yangu yeye alikuwa na duka gani?"

Hapo ndipo tulipojua, watu wazima tuliozeeka, kwamba baba yetu alikuwa na dada aliyeishi kwenye kibanda nyuma ya zizi, akiongea na migomba usiku, akafa wengi wetu hatujazaliwa. Hakuwahi kutajwa kwenye msiba wala kwenye misa ya marehemu. Daktari alinieleza baadaye kwamba skizofrenia, ugonjwa aliokuja kutambuliwa nao Babu, humpata mtu kama mmoja katika kila 100 maishani mwake, ila kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua uwezekano unapanda hadi karibu mmoja katika 10. Na kwamba kwa wanaume huanza mara nyingi pale pale, kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, yaani wakati ule ule mtoto yuko chuoni na baba anafungua duka la pili. Kaka yangu angeuliza hilo angejibiwa. Hakuwa anauliza.

Sasa mzee mwenzangu, nikujibu.

Anza hospitali. Hapa Moshi hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mawenzi, ninyi Arusha mnayo Mount Meru, na hospitali ya KCMC ipo kwa wote wa kanda hii. Uliza kitengo cha afya ya akili, usione haya mapokezi. Usikubali mtu akuambie kwamba kijana "anafaa Mirembe" kana kwamba Dodoma ni shimo la kutupia watu. Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, watu wanatibiwa na kurudi makwao, lakini wengi hawahitaji kufika huko. Na ukifika kwa daktari, mwache kijana aongee. Babu aliulizwa mbele yangu kama anavuta bangi, akasema ndiyo, alikuwa anavuta sana chuoni. Nilinyanyuka kwenye kiti. Daktari akaniomba nikasubiri nje, na tangu siku hiyo Babu huingia peke yake kwanza, mimi naitwa mwishoni. Ni mtu mzima, ana siri zake. Bangi haimletei ugonjwa kila anayevuta, lakini kwa mwenye damu ya ugonjwa huu inaweza kuuamsha mapema na kuufanya mkali, na hilo aliambiwa yeye, kwa maneno ya daktari, akalichukua kuliko angelichukua kutoka kwangu na kofi langu.

Kuhusu maombi nitasema ukweli wangu na mtakaonikasirikia mnikasirikie. Sisi wa nchi hii mwaka 2011 tulipanga foleni ya magari hadi Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mchungaji, shilingi 500, kwa hiyo asinicheke mtu kwamba nilitafuta njia ya mkato. Nilimpeleka mwanangu kuombewa na bado tunaombewa. Lakini kuna mtumishi mmoja alituambia kunywa dawa za hospitali ni kukosa imani, tuzitupe. Mama yake akazitupa chooni. Na hapa ndipo pana mtego, nisikilizeni vizuri: kijana alikaa vizuri. Alichangamka hata, kwa sababu ule uzito wa dawa ulimtoka. Tukatoa ushuhuda kanisani. Ugonjwa huu haurudi kesho yake ukiacha dozi. Unaweza kusubiri wiki, unaweza kusubiri miezi, na ukija unakukuta umeshashuhudia mbele ya watu. Ulirudi na nguvu kuliko mwanzo. Mchungaji wetu wa mtaani, mzee wa Kilutheri asiyependa makelele, ndiye aliyetuambia tuombe, kisha tumpe maji ameze vidonge.

Dawa zenyewe zina vituko, na usipoambiwa mapema utakimbia. Babu alianzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa huu. Siku chache tu, tuko mezani, shingo ikajipinda upande ikagoma kurudi, macho yakapanda juu ya dari. Mke wangu alipiga kelele kwamba pepo limejionyesha. Niliamini kwa dakika kadhaa, mimi mwenyewe ninayewaandikia. Tulimbeba hospitali, Sista wa zamu hata hakushtuka. Akamchoma sindano, akaendelea na kazi zake, na shingo ikaachia tukiwa tunaangalia. Kumbe ni misuli tu, dawa inaibana, na kuna dawa ya kuiachia, benzhexol, ambayo wengi wanaijua kama Artane. Wapo wanaotetemeka mikono, wapo wanaodondosha mate, wapo wanaonenepa kwa njaa isiyoisha. Yote hayo mwambie daktari. Atapunguza, atabadilisha, atahamisha muda. Usipunguze mwenyewe. Babu sasa yuko kwenye sindano ya mwezi, haina habari za kusahau vidonge, na ugomvi wa kila jioni wa "umemeza? hebu fungua mdomo" umekwisha nyumbani kwetu.

Fedha: kwenye hospitali ya serikali uliza kuhusu msamaha, lakini jiandae kwamba dawa inaweza kuisha dirishani ukaambiwa ukanunue nje. Mimi mauzo ya kila siku yakifungwa, kabla ya yote natoa ya dawa naweka kwenye kopo lake. Ninyi mnaosema faida haibaki mnajua nimeshawaambia mara ngapi kuhusu makopo.

Sasa niseme lililonigharimu zaidi ya fedha. Kliniki, yule Sista alituuliza sote watatu: "Nyumbani kwenu nani ana sauti kubwa?" Babu na mama yake wakanitazama kwa pamoja. Sikuona kosa. Mimi nimekulia kwenye kelele za soko, sauti ndiyo iliyowasomesha. Akamgeukia mama yake: "Na wewe mama, kucha anajikata mwenyewe?" Kumbe mama alikuwa anamkata, anampimia joto la maji ya kuoga, analala kwenye kochi mlangoni kwake. Sista akasema sisi wawili ni ugonjwa mmoja: mmoja anafoka, mwingine anamfunika, na kijana hapumui.

Nilidhani ni maneno ya kutufariji au kututukana, nikaenda kusoma. Kweli kuna watafiti wa London, George Brown na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa waliotoka wodini kuanzia miaka ya 1950. Waliona kwamba waliorudi kwenye nyumba za lawama, ukali na kushikwashikwa kupita kiasi walirudi wodini zaidi ya waliorudi kwenye nyumba tulivu. Na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokaa uso kwa uso na ndugu wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa wiki. Saa 35! Mimi na Babu tulikuwa tunatazamana kutwa nzima. Haina maana kwamba wazazi ndio tunaoleta ugonjwa, hilo silikubali na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Ila nyumba inaweza kuusukuma urudi au kuuacha ulale.

Kwa hiyo nimejifunza kushusha sauti. Mimi, Mangi, nashusha sauti kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe! Sikuambii ni rahisi. Namwambia jambo moja kwa wakati mmoja. "Babu, leo zamu yako vyombo." Basi. Siongezi "kama wenzako", siongezi habari za ada niliyolipa. Anaposema redio inamtaja, simwambii ni uongo, na simkubalii pia. Namwambia, "Mimi sijasikia, lakini naona inakutisha. Tuizime?" Tunaizima. Zamani tungebishana hadi saa sita usiku kama mabunge mawili, na kesho yake imani yake imekuwa ngumu zaidi.

Wazazi wenzangu, mwanao si mvivu. Nalirudia kwa kuwa najua mnavyoongea kwenye vikao vyenu. Anayelala hadi saa nne asubuhi kwa dawa za usiku hajakudharau. Asiyeoga hajakusudia kukutia aibu kwa wageni. Ugonjwa huu mara nyingi unapora hamu kabla haujapora kitu kingine, na hamu ndiyo inayochelewa kurudi hata sauti zikinyamaza. Msimwite kwa yale majina. Nasikia watu wamesoma, wana shahada, wanamwita mtoto wao "yule chizi" mbele ya dada wa kazi. Dada wa kazi atamheshimu vipi?

Kuna usiku mmoja nitausema kwa kifupi kwa sababu wewe wa Sombetini unaweza kufikishwa huko. Babu alikuwa ameshaacha kulala, amevaa koti zito mchana kutwa kwenye jua la Moshi, na kwake koti ni dalili; kila mgonjwa ana zake, andika za kwako ukutani jikoni ili nyumba nzima izijue. Usiku ule alishika panga la kukatia majani ya ng'ombe akasimama getini. Majirani wakaja, na mmoja alikuja na kamba ya katani tayari, nadhani aliitoa kwangu dukani. Wakasema tumfunge, hata mnyororo kwa siku mbili tatu. Nikawaambia hapa hafungwi mtu. Nilimpigia rafiki yake wa sekondari, seremala, ambaye Babu hajawahi kumshuku hata katika siku mbaya. Akaja na kandambili zake, akaketi chini mita kadhaa kutoka kwake, akaanza kulalamika kuhusu bei ya mbao za mkaratusi. Walikaa hivyo. Panga likawekwa chini bila mtu kuliomba, na alfajiri wakapanda gari langu wote wawili kwenda hospitali. Mtafute mtu huyo wa kijana wako sasa, kabla ya usiku wenyewe. Na mapanga, viuatilifu vya kahawa, sumu ya panya, kamba, vyote vitoke mahali pa kufikika. Na muulize wazi, kwa upole, kama anawaza kujiua. Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia wazo. Si kweli, kuulizwa kunampa mtu nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Naona mnataka nifike kwenye duka. Nafika.

Sikumpa Babu kazi ya huruma. Nilichoka kumwona amekaa, na yeye alichoka kutazamwa. Nikamwambia nina stoo ambayo sijui kilichomo, wewe umesomea hesabu hadi mwaka wa pili, hii hapa kalamu. Nilimweka nyuma, mimi niko kaunta mbele, kati yetu kuna ukuta wa saruji na mlango. Ile habari ya saa 35 nilikuwa nayo kichwani. Anaingia saa nne na nusu, dawa zikishashuka. Akiona kelele zimezidi anatoka anakwenda kutembea hadi upande wa Rau na kurudi, haniombi ruhusa. Ijumaa analipwa na anasaini kwenye kitabu kile kile wanachosaini wenzake, kiasi kidogo kuliko wao kwa sababu saa zake ni chache, na aliponiuliza kwa nini ni kidogo nilimweleza hivyo hivyo, akakubali kama mfanyakazi.

Mwanzo alikuwa anahesabu rafu moja anasimama, anasahau, anaanza upya. Nilitamani kuingilia. Nilikuwa nauma ulimi. Halafu siku moja akaja kaunta, jambo ambalo hafanyi, ameshika mfuko wa misumari ya inchi 3. Akaniambia, "Baba, mizani yako inakuibia." Akaweka jiwe la kilo moja juu yake, sindano ikasimama gramu 950. Akaongeza misumari ya gramu 50, ndipo ikagusa kilo. Kila mteja aliyenunua kilo kwangu aliondoka na zaidi, nami sijui ni kwa muda gani. Aliigundua kwa kulinganisha maboksi yaliyoingia na kilo zilizouzwa, kazi ambayo mimi na vijana wangu wote wenye akili timamu hatukuwahi kuifanya. Wateja walikuwepo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Siku ile nilifunga mapema nikamnunulia mama yake kitenge, sijui hata kwa nini kitenge.

Ndiyo, najivuna. Walionihesabia kafara waje wamwone kafara anavyohesabu stoo.

Haina maana kwamba amepona na tumefunga faili. Mwaka huu huu amelazwa tena, mfupi, aliona koti mwenyewe akaniambia, "Baba, nadhani nimeanza." Kwangu hilo ni kubwa kuliko mizani. Pia kuna siku haji dukani, na siku hizo nimeacha kuzihesabu. Desemba tunapanda naye Kibosho. Mbege hanywi, pombe na dawa zake haviendani, na watu wa mlimani kumkatalia kata ni kama kumkatalia salamu, kwa hiyo dada yake huwa anamtangulizia glasi ya togwa mkononi kabla hawajafika na maswali. Anakaa saa moja au mbili, halafu anaomba funguo anakwenda kulala kwenye gari. Hakuna anayemfuata.

Lililobaki, mzee mwenzangu, ni lile unalowaza usiku na hukuliandika: ukifa je? Kwetu Wachaga kijana wa kwanza anapewa sehemu yake, kitinda mimba anabaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani. Babu ndiye wangu wa kwanza. Na tayari kuna mtu ndani ya ukoo, sina haja ya kumtaja, ameanza kusema kwamba mtu asiye na akili hawezi kushika ardhi, afadhali isimamiwe na "wazee". Ndiyo maana nimekwenda kwa wakili nikaandika wosia, Babu akiwa amekaa pale pale na anaelewa kila kinachosomwa. Sehemu yake ni yake, iko kwa jina lake. Dada yake ndiye msimamizi, na ameandikiwa wazi kwamba fedha ya dawa inatoka kwenye kodi ya fremu za duka la pili kabla mtu mwingine hajagawiwa. Usitegemee huruma ya ndugu, andika. Nakala moja iko kwa wakili, nyingine kanisani, nyingine siwaambii. Fanya hivyo ukiwa na afya, usisubiri ulazwe ndipo watu waanze kukuletea karatasi za kuweka dole gumba.

Kama unataka kuja tuongee, njoo, ila Jumanne ya kliniki hutanikuta. Mlete na kijana ikiwa atakubali. Asipokubali usimlazimishe, Babu mwenyewe hapendi kuonyeshwa kwa watu. Wewe njoo, utanunua hata kofuli.

Na kaka yangu, najua unasoma hapa maana watoto wako wananiambia. Daftari la madeni siku hizi analishika Babu. Linaonyesha ulichukua mabati 40 kwa ajili ya lile banda la kuku na umelipa nusu. Nimemwambia akuandikie ankara, na ameiandika vizuri sana.